Baba Amekula Breki

Likizo ya Aprili mwaka jana sikupumzika. Mama alikuwa ameenda Awendo kumuuguza nyanya, na Baba hakutaka niachwe peke yangu katika chumba tulichopanga Homa Bay, kwa hivyo nikawa naamka naye saa kumi na moja alfajiri na kuingia barabarani kama mtu aliyeandikwa kazi. Vitabu vya Kidato cha Tatu nilivibeba. Sikufungua hata kimoja. Gari linavyoruka, maandishi yanacheza, na baada ya Rongo unaanza kusikia kichefuchefu.

Baba ni dereva wa pikapu ya mtu. Mwenyewe ni mama mmoja wa Kehancha, mjane, ananunua omena, wale dagaa wa huku kwetu ziwani, na mahindi huko kwao milimani. Baba humwita "tajiri" akiwa hayupo na "Mama" akiwepo. Yeye humwita Baba "Dereva". Huyo mama ni Mkuria, Baba ni Mjaluo, kwa hivyo hawana budi kuongea Kiswahili, na hakuna kati yao anayekifurahia. Baba akiongea Kiswahili hutafuta neno kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya koti la mtu mwingine. Akikasirika hata zile alizokuwa nazo zinapotea.

Kwa miaka mitatu kazi ilikuwa Homa Bay hadi Migori tu. Lami mwanzo mpaka mwisho. Ukitoka asubuhi na magunia ya omena, ambayo ni mepesi hata mimi naweza kuinua moja, unafika, unashusha, unarudi. Breki za gari hilo zilikuwa hazitajwi nyumbani kwetu, kama vile hutaji goti lisilouma. Pedi za mbele zikibadilishwa zilikuwa zinakaa karibu mwaka mzima.

Halafu tajiri akafungua stoo ya mahindi huko juu, ng'ambo ya Kehancha, mahali ambapo lami inaisha na unaendelea kwa changarawe mpaka masikio yanaziba. Mara tatu kwa wiki. Kupanda na omena nyepesi, kuteremka na mahindi mazito. Ni hapo maisha ya breki yalipobadilika, na ya Baba pia. Jioni alikuwa anakaa kitandani na kulikanda goti la kulia kwa maji ya moto, polepole, bila kusema. Nikimuuliza anasema, "Ni baridi ya asubuhi." Haikuwa baridi. Ni ule mguu aliokuwa akikanyagia breki.

Nilianza kuuangalia huo mguu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Kati ya Awendo na Migori ni trekta za miwa, zinavuta trela mbili mbili, zinatambaa, miwa inaanguka barabarani, watoto wanaikimbilia. Mguu unaingia, unatoka. Matuta kila penye soko. Boda boda anakatiza mbele yako bila kutazama nyuma. Mguu unaingia. Ukivuka Migori kuelekea Kehancha, ni ng'ombe, na ng'ombe wa huko hawakimbii honi, wanakuangalia tu. Halafu changarawe, na Aprili ni mvua, kwa hivyo changarawe ni matope. Matope yanarushwa na gurudumu yanaingia ndani kabisa, mahali pedi inapobana kile chuma cha duara wanachokiita diski, na ule mchanga unasaga kama jiwe la kusagia wimbi. Hayo nilielezwa na fundi. Mimi mwanzoni nilidhani breki inachakaa kwa sababu ya umri tu, kama sare ya shule.

Siku ya shida tulianza kusikia sauti Rongo. Baba akikanyaga, kitu kinalia kule mbele, krrr, kama mtu anakwaruza sufuria tupu. Alizima redio asikilize. Kufika Awendo aliingia kwa fundi wake, ambaye karakana yake ni mti mmoja na turubai kando ya barabara, mbele ya maduka ya vipuri. Fundi akapiga jeki, akafungua nati, akachungulia. Akacheka.

"Omera, ndugu," alimwambia Baba, "hapa hakuna pedi. Imebaki chuma na chuma zinasalimiana."

"Haiwezekani. Ziko na wiki tano."

"Wiki tano za wapi? Za mbinguni?" Akageuka kwangu, akaniambia kwa Kijaluo, "Wuonu ochamo pad duto." Baba yako amekula pedi zote.

Ndivyo wanavyosema. Tairi likiisha, limeliwa. Sabuni ikiisha, imeliwa. Kwetu kila kitu kinaliwa, na hakuna anayelaumiwa.

Pedi hizo zilikuwa na historia. Tajiri alizinunua mwenyewe Migori, za sanduku, akampa Baba mkononi na kumwambia hizo ni za kweli, si zile za kubabaisha. Alifanya hivyo kwa sababu dereva aliyekuwepo kabla ya Baba alikuwa ametoa matairi mapya ya gari lake, akauza, akaliwekea mengine yaliyoisha. Tangu hapo mama huyo hamwachii mtu kitu chake bila kukitazama mara mbili. Hata mafuta anapima. Lita fulani kila safari, hakuna ya ziada, ukiishiwa njiani ni shauri yako.

Fundi alinituma dukani ng'ambo ya barabara. "Nenda uulize pedi za mbele za hii pikapu."

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiitwa nisome kwa sauti nasikia damu ikipiga masikioni, na mwalimu huniambia niongee na watu, nisiongee na dawati. Nilivuka barabara nikilirudia lile neno kichwani. Mbele ya duka kulikuwa na vijana watano wa boda boda wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria. Nikamwambia mwenye duka, chini chini, "Naomba pedi."

"Ongea, sikusikii."

"Pedi. Za mbele."

Akatoa kichwa dirishani. "Pedi za mbele? Ziko za nyuma pia?"

Wale vijana walilipuka. Mmoja alishika tumbo. "Mpee dada msupa pedi zake, wacha kumsumbua! Uliza kama anataka na mabawa!"

"Ni za gari," nilisema, lakini nadhani ni mimi pekee niliyesikia. Nilirudi bila kitu. Fundi ikabidi aende mwenyewe, na huko nilimsikia akiwatukana kwa utani, nao wakizidi kucheka, na mmoja wao akavuka barabara pamoja naye ili aje anitazame vizuri.

Ni wakati huo huo simu ya Baba ililia. Alikuwa amelala chini ya gari, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. "Nyathina, mwanangu, shika. Ni tajiri. Mwambie tumekwama kidogo."

Nilishika. Yule kijana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anatabasamu, anangoja.

"Dereva ako wapi? Mbona bado hamjafika?" Tajiri alikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku akihesabu kitu kingine.

"Habari yako Mama. Ni mimi mtoto wake. Tuko kwa fundi."

"Kwa fundi tena? Ni nini?"

Neno lilikuwa pale mdomoni. Nilimwangalia yule kijana. Nikalimeza.

"Ni zile... zile za mbele, Mama. Fundi anasema Baba amekula zote."

"Amekula?"

"Ndio."

"Zile mpya? Zile mimi nilinunua?"

"Ndio Mama. Amezimaliza."

Nilisikia kuku upande wake wa simu. "Sawa," akasema. "Nimeelewa." Akakata.

Baba aliuliza kutoka chini ya gari, "Amesema nini?"

"Amesema sawa. Ameelewa."

"Unaona? Huyo mama ni mtu mzuri, watu hawamjui tu."

Nilifurahi. Nilihisi nimeongea na mtu mkubwa kwa simu, kwa Kiswahili, nikamaliza bila kukwama. Nilikuwa nimemwambia jambo la Kijaluo kwa maneno ya Kiswahili, na sikujua kwamba ukilivusha lile neno mpaka upande wa pili linabadilika sura. Kwa Kiswahili cha tajiri, mtu aliyekula mali yako ameiuza.

Fundi alifunga pedi za bei rahisi kutoka dukani, kwa sababu za sanduku hazikuwepo. Zile pedi kuukuu mtu wa kuokota vyuma alikuwa tayari amezitia guniani na kwenda zake. Hakuna aliyefikiria kumzuia.

Tulifika Kehancha saa nne na nusu. Kwa kawaida tajiri hutukaribisha chai, na mimi hunipa ndizi. Siku hiyo alikuwa amekaa nje ya stoo yake ya hapo Kehancha kwenye kiti cha plastiki, mikono imefungwa kifuani, na hakuinuka.

"Dereva. Karibu. Umeshiba?"

Baba alicheka, akidhani ni utani. "Bado Mama. Tumetoka mapema sana."

"Bado? Na vile umekula?" Akaangalia gari, kisha Baba. "Yule wa kwanza alikula tairi nne. Nikasema Mungu amenipa mwingine mzee, mtu wa kanisa. Kumbe wewe unaanza na breki. Mwaka ujao utakula injini? Uniachie usukani tu?"

Baba bado hakuelewa. Nilimwona anatafuta. "Ni kweli Mama. Breki imekulwa. Hata mimi nimeshangaa. Ni hii barabara yako ya juu. Imekula."

"Barabara imekula?"

"Ndio Mama. Barabara."

"Barabara iko na meno?"

Wapakiaji wawili wa mahindi waliokuwa mlangoni walicheka. Baba aliwaangalia, akaniangalia mimi, na ndipo nikaona uso wake unabadilika pole pole, kama maji yanayoingia kwenye kitambaa. Alisema, "Mama, mimi sijauza kitu."

"Mtoto wako mwenyewe ameniambia. Kwa hii simu. Nimemuuliza mara mbili. Mtoto hasemi uongo."

Hapo ndipo ningepaswa kuongea, na nililijua hilo wakati ule ule. Nilikuwa nimelielewa kosa langu lote, kutoka kwa fundi mpaka kwa kuku, kwa mara moja. Nilifungua mdomo. Kila mtu alinigeukia, wapakiaji, tajiri, na Baba mwenye macho mekundu ya usingizi. Nilitazama viatu vyangu. Tajiri alichukua ule unyamavu kuwa jibu.

"Wacha pedi hizo za zamani nizione," alisema.

"Zimeenda na mtu wa vyuma," Baba akasema.

"Ah. Zimeenda." Akainuka, akajifunga leso vizuri. "Sikiza. Mahindi yangu iko huko juu na mvua inakuja, na leo sina dereva mwingine. Tutaenda wote watatu. Tukirudi hapa utaweka ufunguo kwa hii meza, tusalimiane vizuri, kila mtu aende kwao."

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakubishana. Sijawahi kumwona amechoka vile. Alizunguka gari akagusa kila gurudumu, kama anavyofanya siku zote, kisha akapanda.

Nilikaa katikati, goti langu karibu na gia. Tajiri alikuwa upande wa mlango, na mkoba wake mapajani. Kutoka hapo mpaka juu hakuna aliyesema neno, isipokuwa tajiri kusema "ng'ombe" penye ng'ombe, kama vile Baba hakuwaona. Nilikuwa nikitunga sentensi. Mama, samahani, nilimaanisha. Mama, kwa Kijaluo ukisema. Kila nilipoimaliza, gari liliingia shimoni na sentensi ikatawanyika.

Huko juu walianza kupakia. Baba alihesabu magunia yakiingia. Kufika kumi na mbili alisema, "Mama, hapo inatosha. Barabara ni matope."

"Weka yote. Ni kumi na sita tu."

"Huko chini kuna mteremko..."

"Dereva. Leo ni safari yako ya mwisho, unataka kunifundisha kazi? Weka."

Wakaweka. Nyuma ya gari ilishuka mpaka matairi yakaonekana yamenuna.

Mteremko wenyewe ni mrefu. Unaanzia penye kanisa moja la mabati na kuishia darajani, na katikati kuna kona tatu na sehemu moja tambarare penye banda la kukaushia tumbaku. Nilikuwa nimeushuka mara nyingi na Baba, na kila mara alifanya kitu kile kile, na sikuwahi kukifikiria. Pale kanisani alitoa gia. Aliiweka fri, gari likateremka kwa uzito wake lenyewe, na injini ikabaki ikinong'ona tu.

"Mbona gari imenyamaza?" tajiri aliuliza.

Baba hakujibu. Nadhani hata hakujua kwamba amefanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe, kama kila siku.

Kona ya kwanza alikanyaga, gari likatii. Ya pili alikanyaga mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na harufu ikaanza kuingia, harufu ya nywele zilizoungua kwa pasi. Tajiri alikamata dashibodi. Baba akapiga breki mara mbili, mara tatu haraka haraka, na nikaona mguu unazama chini kuliko kawaida. Alisema kitu kwa Kijaluo, jina la Mungu. Akasukuma gia ya pili kwa nguvu mpaka ikapiga kelele, injini ikanguruma, sote tukatupwa mbele, na magunia yakasukuma kibanda tulichokaa kutoka nyuma kama watu wanaotaka kuingia. Gari lilipunguza. Likapunguza tena. Pale kwenye tambarare, karibu na banda la tumbaku, Baba alilipeleka kwenye ukingo wa udongo, likalala hapo.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele, mwembamba, wa buluu.

Tajiri alishuka kabla yangu. Alikuwa na chupa ya maji, na alikuwa ameshaifungua, anainama kumwagia gurudumu. Baba alimrukia. Ni mara ya kwanza nimemwona akimshika mtu mkubwa mkono.

"Usimwage! Hiyo chuma itapasuka! Wacha ipoe yenyewe."

"Inaungua!"

"Ndio inaungua, Mama. Hiyo ndiyo kula nilikuwa nasema. Iko hapo, angalia. Inaliwa sasa hivi mbele ya macho yako."

Tulikaa kwenye mawe. Baba alijiweka mbali kidogo, amenyoosha goti lake. Mvua ilikuwa bado inafikiria. Hakukuwa na kijana wa boda boda, hakukuwa na wapakiaji, ni sisi tu na ule moshi, na nadhani nilikuwa nimeogopa kwenye ile kona kiasi kwamba aibu haikupata mahali pa kukaa.

"Mama," nilisema. "Mimi ndiye nilikosea kwa simu."

Aligeuka.

"Fundi alisema kwa Kijaluo kwamba Baba amekula pedi. Kwetu ni kusema zimeisha. Kazini. Si kuuza. Mimi nikakuambia vile vile alivyosema."

"Kwa nini hukusema pedi zimeisha?"

"Kulikuwa na vijana."

"Vijana wamefanya nini?"

"Walikuwa wananicheka. Sikutaka kusema pedi."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akatoa sauti, nusu kicheko, nusu kukohoa. "Yaani mimi nifukuze mtu kazi kwa sababu wewe umeona haya ya pedi?" Akajipangusa uso kwa leso. "Mimi nimezaa wasichana wanne. Nanunua pedi kama vile nanunua chumvi."

Baba hakucheka. Alikuwa anangojea. Na tajiri hakuwa amemaliza.

"Lakini ngoja. Huko juu, penye kanisa. Gari ilinyamaza. Nimeuliza, hakuna mtu amenijibu. Ilinyamaza kwa nini?"

Baba aliokota kijiti akaanza kutoa matope kwenye kiatu. Nilijua kwamba yeye hatajibu. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu ninachokijua vizuri kuliko vyote. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikujua pa kuisimamisha.

"Anaweka fri," nilisema. "Ndio mafuta yafike."

"Nyathina!" Baba alisema, kwa sauti ambayo hunipigia mara chache.

"Fri ni nini?"

Baba alitupa kijiti. "Ni kutoa gia, Mama. Gari inajiteremkia, haili mafuta. Lakini injini haisaidii kushika, kazi yote inaenda kwa breki." Alikuwa anaongea na kiatu chake. Kiswahili kilikuwa kimemjia, sijui kutoka wapi. "Mafuta unayotoa ilikuwa ya kuenda Migori. Sasa tunakuja huku. Mafuta yako inatosha kuenda. Ya kurudi mimi natafuta kwa mteremko."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nauza."

Tajiri hakukana. Aliangalia gari lake lililoinamisha mkia chini ya magunia kumi na sita, akaangalia njia tuliyotoka, na kona tuliyokaribia kukosa. Nilimwona akihesabu. Mtu mmoja alitoka kwenye lile banda la tumbaku kututazama. Tajiri akamwita kwa Kikuria, wakaongea, na yule mtu na kijana wake wakashusha magunia manne, wakayaingiza bandani.

Samahani hakusema. Nilingoja aseme, kwa ajili ya Baba, hata ingekuwa kwa sauti ndogo.

Alisema, "Dereva, ufunguo kaa nao. Mafuta nitaongeza. Huu mlima, shuka na gia."

"Sawa Mama."

"Na pedi zikiisha tena, zile kuukuu usipatie mtu wa vyuma. Uniletee hapa Kehancha, nizione kwa macho yangu."

Baba ni mtu wa miaka hamsini na mbili. Shuleni kwetu ukikosa darasa unatakiwa kuleta barua kutoka nyumbani, na hata wasichana wa Kidato cha Kwanza huona aibu kuibeba.

"Sawa Mama," alisema.

Tulishuka sehemu iliyobaki kwa gia ya pili. Injini ililia njia nzima, tulikwenda kama maiti inasindikizwa, na nyuma yetu boda boda walipiga honi na kutupita wakitutazama. Baba aligusa breki mara mbili tu mpaka darajani. Nilihesabu. Tulimwacha tajiri kwake, akanipa ndizi bila kunitazama, tukaendelea.

Kutoka Migori mvua ilianza kweli. Tulikuwa nyuma ya trekta ya miwa, mguu wa Baba unaingia na kutoka, unaingia na kutoka. Karibu na Awendo alisema, "Ile ya fri usingeisema."

"Aliuliza, Baba."

"Hata akiuliza."

Baadaye kidogo akasema, "Lakini umesema." Sikujua kama ni lawama au ni nini. Wipa zilikuwa zinapiga kelele. Niliegemea dirisha nikalala mpaka nyumbani, na aliponiamsha alikuwa tayari amebeba mfuko wangu wa vitabu.

Nilirudi shule. Likizo ya Agosti nilipanda tena gari lile, siku moja tu, kumpelekea nyanya unga. Nilipoketi miguu yangu iligonga kitu chini ya kiti, kizito, kimefungwa kwa gazeti na kufungwa tena kwa kamba ya gunia. Nilikifungua kidogo. Zilikuwa pedi, nne, zimeisha lakini si mpaka chuma.

"Zile za bei rahisi," Baba alisema. "Zimefika mpaka Julai. Nilizipeleka."

"Akasema nini?"

"Hakufungua. Aliziona hivyo kwa gazeti, akasema, 'Rudisha kwa gari, Dereva.' Akauliza kama umerudi shule."

"Sasa mbona bado unazo?"

Alibadilisha gia, akaangalia kioo. "Akiuliza siku ingine?"

Ziko hapo mpaka leo. Kila tuta zinagongana.